Nimekosa Mara Mbili

Kama ulikuwa na shamba la mikahawa kijijini kwetu Ihanda miaka ya tisini, basi Anania Mwashiuya aliwahi kukuliza. Alikuwa fundi wa kupogoa. Alifika asubuhi na mkasi wake umeviringishwa kwenye kipande cha gunia, akauzunguka mkahawa mmoja mara tatu bila kusema neno, kisha akaanza kukata, na wewe mwenye shamba ukabaki umeshika kichwa ukiangalia matawi uliyoyalea yakianguka. Mimi nilimfukuza mwaka wa kwanza. Msimu uliofuata mikahawa aliyoigusa ilizaa mpaka nikakosa magunia, na ile niliyomkataza ikazaa kwa aibu tu. Nikamfuata mwenyewe kumwomba arudi. Hakunicheka. Alisema, "Haya, mama," akachukua mkasi.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake: haya mama, haya baba, ni kweli. Maneno mengine yote ya nyumba ile aliyashika mkewe, Ferista, na hakuyaacha yaoze. Watu walitania kwamba siku ya harusi mchungaji alipomuuliza Anania kama anakubali, Ferista ndiye aliyejibu. Si kwamba mume alikuwa mjinga. Kwa Kinyiha chetu alizungumza vizuri tu, polepole, kama anavyopogoa. Lakini Kiswahili kwake kilikuwa koti la kwendea kwa wakubwa, na mbele ya mkubwa yeyote alichuchumaa kwanza, akapiga makofi taratibu kama wazazi walivyotufundisha, ndipo akafungua mdomo. Akishafungua, alisema machache iwezekanavyo ili asimchoshe mtu.

Nami wakati huo nilikuwa mmoja wa wakubwa hao, Mungu anisamehe. Nilikuwa mzee wa baraza katika mahakama yetu ya mwanzo. Ndiyo, mwanamke, na mzee; wajukuu zangu walicheka wiki nzima wakiniita Mzee Restuta. Kwa asiyeijua kazi ile, hakimu hukaa katikati na wazee wawili pembeni yake. Kesi ikishasikilizwa kila mmoja anatoa kura, mtu ana hatia au hana, na kura ya mzee ina uzito sawa na ya hakimu. Wawili wakikubaliana, hakimu ameshindwa. Katika miaka sita mimi na mwenzangu, mzee Fanuel, tulikuwa tumemshinda hakimu mara tatu. Fanuel alikuwa na tabia ya kusinzia mpaka shahidi wa pili, lakini kura yake haikusinzia. Mimi nilijivunia kura ile kuliko mikahawa yangu. Ninakueleza ili unielewe huko mbele, si ili unihurumie.

Sasa ng'ombe. Mwezi wa tatu mwaka 1997 wafugaji wa bonde la Momba walipitisha kundi lao kwenda mnadani Tunduma. Mtamba mmoja mwekundu, mwenye kidonda ukwatoni, akaachwa nyuma bila wenyewe kujua. Asubuhi Anania akamkuta amelala katikati ya mahindi yake. Hakumpiga. Alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, akamkatia majani, kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kusema kwamba kuna ng'ombe kwake na si wake. Mwenyekiti akasema amesikia. Hakuandika popote, na mwaka ule ule, kabla ya mavuno, akafariki.

Siku ya tatu ng'ombe bado anachechemea. Ferista akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wako tutampa nini?" Basi mtamba akapata jina. Kijiji kizima tulimjua Mgeni. Watoto walimsalimia wakienda shule, kwa sababu alifungwa kando ya njia, mahali ambapo hata mpita njia kipofu angemkanyaga. Nikuulize wewe unayesoma, ni mwizi gani anamwita ng'ombe wa wizi Mgeni?

Mwezi wa tano Anania alienda Tunduma kwa miguu, siku ya mnada, kumtafuta mwenye ng'ombe. Jioni alipita kwangu kuomba maji, miguu imejaa vumbi. Unaijua Tunduma siku ya mnada: wa kwetu na wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanagombania bei kwa Kiswahili na Kibemba, kila mmoja anapaza sauti kuliko mwenzake. Mtu wa maneno matatu atamuuliza nani pale? Mwezi wa saba akaenda tena, akarudi tena. Mara zote mbili nilimuuliza, "Vipi baba, umempata?" Na mara zote mbili alijibu, "Nimekosa, mama."

Lishike neno hilo, kwa sababu ndilo lililomfunga.

Mwezi wa nane mwenyewe akapita barabarani. Aliitwa Abrahamu, Msukuma aliyehamia bondeni na familia yake na mifugo yake. Mwaka ule alikuwa ameibiwa ng'ombe wanne, na hawa ni ng'ombe walioibwa kweli, kwa mapanga. Alipoona alama yake kwenye sikio la Mgeni hakuuliza mtu. Alienda moja kwa moja kituoni. Anania alikamatwa shambani kwa watu, mkasi mkononi, na siku ya Alhamisi akaletwa mbele yetu.

Hakimu wetu alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali. Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kama angekuwa mbaya, ningejua hasira zangu nizipeleke wapi. Alikuwa na mwandiko mzuri, na aliandika kila neno mtu alilosema. Akasoma shtaka: kwamba wewe Anania, mwezi wa tatu, uliiba ng'ombe mtamba mmoja mali ya Abrahamu. Ni kweli au si kweli?

Anania alichuchumaa pale kizimbani mpaka tukabaki kuona kichwa tu. Akapiga makofi. Karani akamwambia asimame. Akasimama.

"Ng'ombe ni wa kwake, mheshimiwa. Ni kweli."

"Ulimnunua?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Alikupa?"

"Hakunipa."

"Sasa unasemaje?"

"Nimekosa, mheshimiwa."

Hakimu aliinua kalamu, akamtazama. "Umekosa?"

"Nimekosa. Mara mbili nimekosa. Mara ya kwanza mwezi wa tano, mara ya pili mwezi wa saba."

Kalamu ikaandika. Ilikuwa inasikika, kwa kuwa chumba kilikuwa kimya, isipokuwa pumzi za Fanuel aliyekuwa bado usingizini. Mwezi wa tano, mwezi wa saba! Nilielewa pale pale. Miezi ile nilimpa maji mimi. Huyu hakuwa anasema amefanya kosa, alikuwa anasema amekosa mtu, amemtafuta mwenye ng'ombe mara mbili na hakumpata. Kinyiha kilikuwa kimemsaidia kufikiri, Kiswahili kikamwacha njiani.

Nilielewa, nikanyamaza. Nataka hili lieleweke. Sikunyamaza kwa woga. Nilinyamaza kwa majivuno. Nilijiambia, acha kijana aandike atakavyo, kura yangu ninayo, na Fanuel nikimgusa kwa kiwiko anayo yake. Tutasikiliza mashahidi, nitauliza maswali yangu, wawili watamshinda mmoja, jioni Anania atalala kwake. Kwenye benchi nyuma Ferista alisimama akaanza kusema, "Mheshimiwa, huyu mume wangu hajui," na karani akamkemea akae, mahakamani hasemi mtu asiyeulizwa. Mdomo pekee wa nyumba ile ukafungwa, na mimi nikiangalia.

Abrahamu akaeleza: ng'ombe alipotea mwezi wa tatu, nimemkuta mwezi wa nane kwa mshtakiwa. Anania akaulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli. Akasema ni kweli yote, na yalikuwa ya kweli yote. Hapo hakimu akasoma alichoandika: mshtakiwa anatiwa hatiani kwa kukiri kosa kwa hiari yake.

Nikamgusa Fanuel aamke tupige kura. Hakimu akaniangalia kwa upole. "Mama, amekiri. Hapa hakuna kura."

Miaka sita kwenye kile kiti, na sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata siku moja. Wote waliokiri mbele yetu huko nyuma walikuwa wamekiri kweli: walevi waliopigana, mtu aliyevunja mlango wa shemeji yake. Nilisimama. Mzee wa baraza hasimami, lakini nilisimama. Nikasema, "Mheshimiwa, huyu hakusema amefanya kosa. Amesema amekosa mtu."

Hakimu hakukasirika. Aliweka kalamu chini, akamgeukia Anania, na kusema kweli alijaribu. "Mshtakiwa, sikiliza vizuri. Umekosa au hujakosa?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lilikuwa linahitajika swali moja tu: umekosa nini? Mtoto wa chekechea angeliuliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ulimi wangu wote, nao haukuniletea swali hilo mpaka usiku wa siku ile nikiwa kitandani.

Anania alituangalia mmoja mmoja, akaona wakubwa wanabishana kwa ajili yake, jambo ambalo kwake lilikuwa aibu. Akapiga makofi, akatutuliza. "Nimekosa, baba," alisema. "Msigombane."

Adhabu ikaahirishwa wiki moja, naye akarudishwa mahabusu.

Jumamosi Ferista alikuja jikoni kwangu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza mahakama inaangalia nini inapotoa adhabu. Nikamwambia nilichokuwa nimekiona kwa miaka sita. Inaangalia kama mtu ni mkosaji wa kwanza. Inaangalia umri wake, afya yake, wanaomtegemea, kama amekiri mapema bila kusumbua watu, kama mali imerudi, kama anajuta. Kila nililotaja alilikunjia kidole. Vidole vilipojaa akatabasamu, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Basi tunayo yote, mama," akasema.

Nami nilikubali. Nilikuwa nimemwona hakimu yule yule akimpa mtu kifungo cha nje cha miezi mitatu kwa sababu ya mke mjamzito. Ferista akatembea siku zote zilizobaki. Alipata barua ya kijiji, barua ya mchungaji, na orodha ya watu kumi na wanne waliowahi kumwachia Anania funguo za nyumba zao akiwa peke yake shambani. Aliandikisha watoto wao sita, wa mwisho akiwa na miezi minane, na mama mkwe wake asiyeona. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu: alishuka bondeni kwa Abrahamu, safari ya siku mbili, akamweleza habari za kidonda, za maji ya chumvi, za jina. Abrahamu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Alhamisi atakuja.

Na alikuja. Alisimama mbele ya hakimu, kofia mkononi. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa na hasira. Ng'ombe wangu alipotea kilema, amerudi mzima. Mimi nimesamehe. Naomba hii kesi niondoke nayo."

"Ulikuja nayo wewe," hakimu akasema, "ila mtu akishatiwa hatiani, kuiondoa si juu yako tena."

Hata hivyo aliandika. Hilo ndilo linaloniuma. Aliandika kila kitu, kwa mwandiko wake mzuri, na alipomaliza barua moja alinyoosha mkono kupokea nyingine. Mkosaji wa kwanza. Watoto sita. Mama kipofu. Amekiri mapema. Mali imerudi, tena imenenepa. Mlalamikaji amesamehe. Akatuuliza maoni yetu sisi wazee. Fanuel, aliyekuwa macho tangu asubuhi, alisema, "Mwache akapogoe kahawa, msimu ndio huu." Mimi nilisema asifungwe. Akayaandika nayo. Ferista kwenye benchi alikuwa anahesabu kwa vidole, na niliona vimejaa.

Kisha hakimu akafungua kitabu cha sheria mahali palipokuwa na alama ya karatasi, akasoma. Wizi wa ng'ombe una adhabu ambayo haishuki. Miaka mitano jela.

Ferista aliendelea kushikilia vidole vyake vilivyokunjwa kana kwamba karani anakuja kuvikagua. Anania aligeuka kuniangalia mimi, si kwa lawama, alitaka tu nimweleze kilichosemwa. Nikamweleza kwa Kinyiha. Akasema, "Haya, mama."

Nilimfuata hakimu ofisini kwake, sikubisha hodi. Nikamwambia, "Yale yote uliyoandika leo, watoto, mama kipofu, huyu Msukuma wa watu aliyelala njiani kuja kusamehe, yalikuwa ya kazi gani?"

"Ya kueleza kwa nini sikumpa zaidi ya mitano, mama."

"Na chini?"

"Chini sina ruhusa. Nikimpa minne, wilayani wataongeza huo mmoja, na mimi nitaandikiwa barua." Akafuta miwani yake kwa shati. "Kama angesema si kweli, mama, ningewasikiliza nyote. Labda mngenishinda."

Labda! Tungemshinda bila shaka. Mtu angesema uongo mdogo tu, si kweli, angekuwa shambani. Alisema ukweli wake kwa adabu, akaulipia mwaka mmoja baada ya mwingine.

Jalada lilipelekwa wilayani kuthibitishwa, kwa kuwa mahakama ndogo kama yetu haifungi mtu miaka mitano peke yake. Nikapata tumaini la kijinga. Nilipanda gari nikaenda huko kueleza habari ya neno nimekosa. Karani alinisikiliza akila muhogo. Akanifafanulia kwamba aliyekiri hana rufaa ya hatia, ana rufaa ya ukubwa wa adhabu tu. Na adhabu yenyewe, akasema akigeuza ukurasa, ndiyo ndogo kuliko zote. Jalada likarudi na mhuri. Hukumu imethibitishwa.

Abrahamu alikuja Ihanda mwezi wa kumi akimswaga Mgeni. Alimwambia Ferista kwamba anampa, awe wa watoto, kwa kuwa kila akimwona moyo unamsuta. Ferista alimpapasa yule ng'ombe shingoni, kisha akamrudishia kamba. "Kaa naye, baba. Akija mtu kumtafuta hapa, nani atajibu?" Hayo ni kati ya maneno machache niliyomsikia akisema miaka ile. Yule mwanamke mwenye maneno ya watu wawili alianza kuyatumia kwa kubana, akaenda kulima vibarua. Mama mkwe alifariki mwaka wa pili. Mikahawa yao ikawa msitu, na yangu pia, maana sikutaka fundi mwingine aiguse. Muda wangu wa baraza ulipoisha sikuomba tena, ingawa sitajisifu kwa hilo. Kabla ya kuisha nilikaa kile kiti mwaka mzima.

Anania alitoka mwanzoni mwa mwaka 2001. Walimpunguzia theluthi kwa tabia njema, jela waliona kwa miaka mitatu na miezi minne kile ambacho sisi tulikijua bure. Nilimpa siku tatu apumzike na watoto. Siku ya nne nikaenda.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anauzunguka mkahawa mmoja uliokuwa umekuwa kichaka. Alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi. Mkasi alikuwa nao, lakini alikuwa bado hajakata. Mimi mzee wa miaka sitini na mbili nikachuchumaa kwenye majani, nikapiga makofi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, nayo ikayeyuka, likabaki neno moja, lile lile, maana Kiswahili hakijanipa jingine.

"Nimekosa, Anania."

Aliweka mkasi chini. Akanishika mikono akaniinua, akanikalisha kwenye gogo, naye akakaa.

"Umekosa nini, mama?" akauliza. Kisha akanisubiri nimalize kueleza.